Zimamoto Dar: Kituo kiko Faya, soko liko Kariakoo, maji yako wapi?

KATI ya kituo cha zimamoto cha Ilala na Soko Kuu la Kariakoo hakuna mlima wala mto. Kituo kipo pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Msimbazi na Barabara ya Umoja wa Mataifa, mahali ambapo makondakta wa daladala walipabatiza jina la Faya miaka mingi kabla mabasi yaendayo haraka hayajaanza safari zake mwaka 2016 na kulirithi jina hilo kwenye kituo chao. Mtu mwenye afya yake akitoka hapo kwa miguu na kuifuata Msimbazi, atalifikia soko kwa muda usiozidi nusu saa, hata akisimama njiani kununua maji ya kunywa.

Hata hivyo, usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko hilo liliungua huku jiji zima likitazama. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika kwenye majivu na kuunda kamati ya kuchunguza chanzo. Haikutimia hata miezi saba, Januari 2022, Soko la Karume lililopo Mchikichini nalo likateketea usiku, na wafanyabiashara wadogo waliolala wakiwa na mitaji wakaamka wakiwa na madeni. Oktoba 2023 ikawa zamu ya jengo la ghorofa katikati ya Kariakoo, lililojaa maduka na bidhaa.

Kila moto unapotokea mjini, kauli ya mitaani huwa ni ile ile: zimamoto wamechelewa, na walipofika hawakuwa na maji. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imekuwa mzaha wa vijiweni. Mwandishi wa safu hii anadhani mzaha huo una ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe si ule ambao wengi wanaufikiria.

Hesabu ya dakika tano

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Gari la kawaida la zimamoto la mjini hubeba maji ya lita elfu chache, tuseme 5,000. Mpira mmoja unaoshikwa na askari wawili huweza kutoa lita 500 kwa dakika, na mara nyingi zaidi ya hapo. Mipira miwili ikifunguliwa kwa pamoja, tangi hilo linakauka katika dakika tano. Yapo magari makubwa ya kubebea maji yenye lita 10,000 na zaidi, lakini nayo ukiyapigia hesabu hiyo hiyo utaona kwamba yanaongeza dakika tu, hayaongezi saa. Moto wa ghala la nguo na plastiki hauzimwi kwa dakika.

Kwa maneno mengine, mwananchi anayesema gari limekuja bila maji mara nyingi ameliona gari lililokuja na maji, likayamaliza mbele ya macho yake, kisha likageuza kwenda kuyatafuta mengine. Kwake yeye ambaye duka lake linaungua, tofauti hiyo haina maana yoyote, na hatuwezi kumlaumu. Kwa anayepanga bajeti ya serikali, tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote.

Popote duniani, maji yaliyomo ndani ya gari la zimamoto ni ya kuanzia kazi. Gari lenyewe ni pampu yenye magurudumu. Injini ile ile inayozungusha matairi ndiyo inayozungusha pampu gari likisimama, na pampu hiyo inategemea kufungwa kwenye haidranti, yaani lile bomba la maji ya zimamoto linalochomoza au kufichwa chini ya kifuniko kando ya barabara. Jiji lenye haidranti nzima kila baada ya mita mia moja au mia mbili linaweza kuuzima moto mkubwa kwa magari machache. Jiji lisilo nazo litanunua magari mia na bado litaungua.

Sasa tembea Kariakoo. Pita Mtaa wa Kongo, pinda Mchikichi, shuka Narung'ombe hadi Sikukuu, halafu utafute haidranti. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limelalamika kwa miaka mingi kwamba nyingi zimefukiwa wakati wa kutengeneza barabara, nyingine zimejengewa juu, na nyingine hazina msukumo wa maji. Aidha, kila kipande cha mnyororo huu kina mwenyewe. Bomba ni la mamlaka ya maji, barabara ni ya wakala wa barabara, kibanda kilichokaa juu ya kifuniko kimelipiwa ushuru wa halmashauri, na moto ni wa zimamoto. Ukiuliza nani anapaswa kuhakikisha kwamba maji yanatoka pale, utazungushwa kutwa nzima.

Walipoogopwa kuliko moto

Ili kuelewa kwa nini idara hii haikuwahi kupendwa wala kutunzwa, inabidi kurudi nyuma. Wazee wa Gerezani na Ilala waliokulia enzi za Waingereza wanalijua neno zimamoto kwa maana ambayo vijana wa leo hawaijui. Katika Afrika Mashariki yote, kuanzia Mombasa na Nairobi hadi Kampala na Dar es Salaam, ulienea uvumi kwamba wazimamoto ni wanyonya damu: kwamba wakati wa usiku huwakamata watu, huwatoa damu na kuipeleka kwa Wazungu ikatengenezwe dawa. Uganda waliwaita bazimamoto. Pwani neno la mumiani lilibeba maana hiyo hiyo. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizusha ghasia Buguruni, na mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima juu ya habari hizo, kwa sababu aliona kwamba uvumi nao una yake ya kueleza.

Na kweli unayo. Mji wa Dar es Salaam wakati huo ulikuwa umegawanywa kwa kanda za ujenzi zilizoanzia kwa Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini, yaani Kariakoo na ng'ambo yake, upande wa pili wa uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuwekwa kwa ajili ya mikutano ya hadhara. Uliwekwa kutenganisha watu. Huduma za mji, kuanzia mitaro hadi taa, zilipangwa kwa kufuata kanda hizo. Mkazi wa nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti au madebe aliliona gari jekundu na watu wenye sare wakipita usiku kwa kasi. Wakati mwingi hakujua walikokwenda wala walichokwenda kufanya, maana kwake hawakuja. Mtu akikuona kila siku wala hakusaidii, atakutafutia kazi nyingine unayoifanya.

Leo hakuna anayeamini habari za damu. Lakini dhana kwamba zimamoto ni chombo cha watu wengine haijafa. Imebadilika sura tu. Muulize mwenye duka la vitenge Kariakoo anamjua nani kutoka zimamoto. Atakutajia aliyekuja kumkagua na kumdai tozo.

Mtoto wa mabaraza mengi

Kwa miongo mingi baada ya Uhuru, zimamoto ilikuwa kitengo cha halmashauri za miji. Viwanja vya ndege na bandari vilikuwa na vikosi vyao, na kila mji ulijitafutia wake kwa kadiri ya mfuko wake. Ikumbukwe kwamba mwaka 1972 serikali ilileta mfumo wa madaraka mikoani na mabaraza ya miji yakavunjwa. Yalirudishwa mwaka 1978, baada ya kubainika kwamba huduma za mijini zilikuwa zimedorora vibaya. Miaka sita si mingi kwa taifa, lakini kwa gari lisilobadilishwa mpira wala kupakwa grisi ni umri mzima.

Halafu mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, huku Jiji likibaki juu yao na kazi za kuratibu, zimamoto ikiwa miongoni mwake. Mapato ya maduka ya Kariakoo yalikwenda Ilala. Moto wa maduka hayo ukabaki Jiji. Ni mwanya huo ambao kampuni binafsi za ulinzi ziliuona mapema. Zikanunua magari yao mekundu, zikawauzia huduma wenye hoteli, mabenki na viwanda kwa malipo ya kila mwezi. Kwa mwenye kibanda cha mitumba hilo halikuwa na msaada.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 ndiyo iliyobadilisha mambo. Vikosi vya halmashauri viliunganishwa kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lenye Kamishna Jenerali, vyeo na namba moja ya dharura, 114. Kwa maoni ya mwandishi huu ulikuwa uamuzi sahihi, kwani huwezi kuwa na zimamoto ya mtaa mmoja na mwingine hauna. Tatizo ni kwamba jeshi hilo jipya lilirithi magari yaliyochakaa ya halmashauri zilizokuwa na furaha kuyatua mzigo huo, na likaingia kwenye wizara moja na Polisi, Magereza na Uhamiaji, vyombo ambavyo siku zote vina sababu nzito za kuhudumiwa kwanza.

Magari yaliyofuata yalikuja kwa njia ambazo mtu angeziita za kuokoteza. Mengine yalinunuliwa, mengine yalikuja kama misaada baada ya kutumika kwenye nchi nyingine. Hamburg, ambayo ina udugu wa miji na Dar es Salaam tangu mwaka 2010, imesaidia kwa magari na kwa mafunzo ya askari. Shirika la Nyumbu la Kibaha nalo limewahi kuunda gari lake la zimamoto, jambo la kujivunia. Lakini kila mhandisi wa karakana anajua adha ya kuwa na magari kumi ya asili saba. Kila moja lina pampu yake, vipuri vyake, na wakati mwingine maungio ya mipira yasiyoingiliana na ya gari jingine. Katika moto mkubwa, ambapo gari moja hulazimika kulisha jingine maji, maungio yasiyoingiliana ni sawa na kukosa maji.

Trilioni moja na siku ya Ukonga

Wapo watakaosema kwamba serikali haikuwahi kufikiria kununua vifaa vya maana. Si kweli. Ilifikiriwa, na namna ilivyofikiriwa iliwaondoa watu kazini.

Januari 23, 2020, akiwa Ukonga jijini Dar es Salaam kuzindua nyumba za askari magereza, Hayati Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imeingia makubaliano na kampuni kutoka Romania kwa ajili ya vifaa vya zimamoto, yenye thamani ya euro milioni 408.5, sawa na zaidi ya shilingi trilioni moja, bila kupitishwa na Bunge. Alisema hawezi kuendelea na waziri aliyekuwepo, Kangi Lugola, wala Kamishna Jenerali wa jeshi hilo, Thobias Andengenye, na uteuzi wao ukatenguliwa. Katibu Mkuu wa wizara, Jacob Kingu, alijiuzulu. Baadaye mwaka huo huo Andengenye aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma.

Kwa upande wa utaratibu, Rais alikuwa na hoja. Deni la ukubwa ule halisainiwi mezani kwa watu wachache. Lakini mjadala ulioendelea kwa wiki kadhaa ulihusu nani alisaini, alilipwa posho gani na alisafiri na nani. Swali la kwa nini jeshi zima lilionekana kuhitaji vifaa vya trilioni nzima halikupata nafasi magazetini, na sisi waandishi tunayo sehemu yetu katika hilo. Mkataba ulikufa, na hitaji lililouzaa halikufa. Mwaka mmoja na nusu baadaye soko likaungua.

Linganisha na gharama ya kulijenga upya. Ukarabati wa soko lililoungua pamoja na ujenzi wa jengo jipya pembeni yake ulitengewa zaidi ya shilingi bilioni 28. Makubaliano yale yaliyofutwa yalikuwa zaidi ya mara 35 ya fedha hizo. Pengine ukubwa huo ndio uliotakiwa kushtua tangu mwanzo: anayeomba trilioni kwa mkupuo mmoja amengoja mno kuomba bilioni kila mwaka. Katika miaka iliyofuata wizara imelieleza Bunge juu ya mkopo wa dola milioni 100 kutoka Abu Dhabi kwa ajili ya magari na vifaa vya jeshi hilo. Ni hatua. Msomaji atakumbuka, hata hivyo, hesabu yetu ya dakika tano.

Soko lililobuniwa kukusanya maji

Hapa ndipo mahali pa uchungu zaidi katika kisa hiki. Kariakoo lilianza kama jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, ambalo kabla halijafanya kazi yake vita vya kwanza vya dunia vikaingia. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, wakalitumia eneo hilo kwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho midomo ya wenyeji ililainisha jina lake likawa Kariakoo. Baada ya vita likawa soko kweli kweli, na likabaki hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilipoamua kujenga jipya.

Kazi hiyo alipewa Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kusomea na kufanya kazi ya usanifu majengo. Amuli, aliyefariki dunia mwaka 2016, alibuni soko lenye sehemu ya chini ya ardhi ambayo wafanyabiashara wanaiita Shimoni, sehemu ya usawa wa barabara, na sehemu ya juu, vyote vikifunikwa na miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini. Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975.

Miavuli ile haikuwa pambo. Umbo lake la faneli lilikusudiwa kuyapokea maji ya mvua, kuyashusha kupitia nguzo na kuyahifadhi kwenye matangi chini ya jengo. Dar es Salaam hupata mvua zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka. Kwenye paa la ukubwa huo, kila milimita kumi za mvua huleta lita kumi kwa kila mita moja ya mraba. Mwenye kalamu apige mwenyewe hesabu ya masika moja. Msanifu aliyefikiri hivyo miaka 50 iliyopita alikuwa amelipatia soko akiba ambayo magari ya Faya yangeweza kuinyonya bila kwenda popote. Soko hilo ndilo lililoungua huku watu wakilalamikia maji.

Mfumo wa namna ile ni mali ikitunzwa: matangi yasafishwe, mabomba yazibuliwe, na pawepo mahali pa nje ambapo gari la zimamoto linaweza kufunga mpira wake. Usipotunzwa unakuwa shimo tu lililosahauliwa chini ya magunia. Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, lilikuwa na kazi ya kukusanya ushuru na kulitunza jengo. Kila aliyepita pale kabla ya moto, akaona nyaya za umeme zilivyoning'inia kati ya meza na meza, anajua ipi kati ya kazi hizo mbili ilifanywa kwa bidii.

Stoo isiyojulikana

Nje ya soko lenyewe, mambo ni mazito zaidi. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Tangu biashara huria ilipofunguliwa, na hasa kuanzia miaka ya 1990, kwenye viwanja hivyo hivyo vidogo yameota maghorofa ya sita, nane, hata kumi, ukuta kwa ukuta. Chini ni maduka. Juu, panapoandikwa kwenye vibali kuwa ni makazi, pana stoo: marobota ya nguo, viatu, vyombo vya plastiki, magodoro, manukato, betri. Ngazi ya kupandia ni moja na imejaa mabegi. Madirisha yana nondo, kwa sababu mwizi anaogopwa kuliko moto.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa, na miongoni mwa waliyoyapinga ni usajili wa stoo uliotakiwa na mamlaka ya mapato. Waziri Mkuu aliwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Malalamiko yao juu ya usumbufu wa kodi yalikuwa na uzito na hatuyajadili hapa. Tunachosema ni kwamba stoo inayofichwa mtoza kodi isiijue, mkaguzi wa moto naye haijui. Usiku jengo likifuka moshi, askari anayevunja mlango wa ghorofa ya nne hajui kama mbele yake kuna vitabu au kuna makopo ya dawa ya kupulizia yatakayolipuka usoni pake. Anaingia akibahatisha, na roho ni moja.

Kanuni za ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto zipo, na tozo zake zinalipwa. Mfanyabiashara hulipa, hupewa karatasi, huibandika ukutani karibu na leseni. Mtungi wa kuzimia moto huning'inia pembeni, mara nyingi nyuma ya shehena, na aliyewahi kufundishwa kuutumia ni wa kuhesabika. Ukaguzi ukigeuka kuwa chanzo cha mapato, mkaguzi hupimwa kwa stakabadhi alizokata, si kwa milango ya dharura aliyoifanya ifunguke. Hili halitibiwi na gari jipya, hata likitoka Ujerumani.

Tena yapo ya kwenda juu. Ngazi ya gari la zimamoto ya kawaida hufika kama mita 30, yaani ghorofa ya nane au ya tisa hivi, na hiyo ni pale gari linapopata nafasi ya kusimama sawasawa na kutanua miguu yake pande zote mbili. Kwenye Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi hata toroli halipati nafasi ya kugeuka. Oktoba 2021 serikali iliwaondoa machinga barabarani na mitaa ikaonekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wengi wao walirudi kidogo kidogo, kwa sababu maisha hayakuhama pamoja nao. Kwa hiyo ngazi ya mita 30 Kariakoo ni ngazi ya makaratasi. Katika majengo haya uokoaji utatoka ndani, kwa ngazi ya pili iliyo wazi, bomba la maji lililosimikwa tangu chini hadi paani na king'ora kinacholia moshi ungali mchanga. Vitu hivyo vinawekwa jengo likiwa bado linajengwa, na anayevidai ni mtoa kibali, siyo dereva wa gari jekundu.

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo Jumamosi asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Machi 2013 watu 36 walikufa jengo lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na hapo. Katika matukio hayo neno uokoaji, ambalo limo kwenye jina la jeshi letu, lilipimwa. Askari walifanya kazi usiku na mchana pamoja na wanajeshi, wahudumu wa afya na wananchi wa kawaida waliochimba kwa mikono. Mitambo mizito ya kuinulia zege ilitoka kwa wakandarasi na taasisi nyingine. Katika kifusi kama kile saa za mwanzo ndizo zinazookoa walio hai, na mtambo wa kuazima huja kwa saa za mwenyewe.

Februari 2025 serikali ilizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Taa na kamera zilifungwa, ulinzi ukaongezwa, na wengi wakashangilia, kwani wageni kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro wananunua hata usiku. Moto wa Julai 2021 ulitokea usiku, soko likiwa limefungwa. Karume pia ilikuwa usiku. Mali ikaungua, wenye mali wakiwa majumbani kwao Mbagala, Tabata na Kimara. Biashara ikikesha, moto wa saa nne usiku utawakuta watu ndani, juu ya ngazi ile moja yenye mabegi. Kabla ya magari ya mkopo hayajapakiwa melini, kuna kazi inayoweza kufanywa na mafundi wachache wa mamlaka ya maji wakiongozana na askari wawili wa Faya wenye ramani: kutembea Msimbazi, Kongo, Swahili, Uhuru na Mkunguni, kukibandua kila kifuniko cha haidranti kilichofukiwa, kufunga mpira, na kufungua koki waone kama maji yanatoka.